Ujira wa Mchuma Chai: Kericho na Seilani



Katika mazungumzo ya madarasa yetu huulizwa mara kwa mara swali hili: wafanya kazi wa nchi yetu na wafanya kazi wa nchi fulani, ni wepi walipwao vizuri zaidi? Aghlabu jibu hutolewa upesi. Mtu hutaja kima cha fedha cha huku, akataja na cha kule, akavigeuza vyote viwili kuwa dola, kisha akahukumu. Katika somo hili twataka kuonyesha kuwa hukumu ya namna hiyo ni kama hukumu ya kadhi aliyemsikiliza mdai, akaondoka barazani kabla ya kumsikiliza mdaiwa. Tutachukua kazi moja tu, nayo ni kuchuma majani ya chai, na nchi mbili tu, Kenya na Sri Lanka. Hii ya pili wazee wetu wakiiita Seilani, na Waarabu wa kale wakiiita Sarandibu. Kwa upande wa Kenya tutasimama katika nyanda za Kericho na Bomet, penye mashamba makubwa ya chai.

Huenda msomaji wa pwani akasema: yatuhusu nini sisi mambo ya bara na baridi yake? Yatuhusu kwa sababu tatu. Ya kwanza, ni nadra kupata nyumba ya pwani isiyopikwa chai asubuhi na jioni. Ya pili, mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hata leo chai ya Kericho, pamoja na ya Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine, huuzwa mjini humu. Basi mchukuzi wa ghala, dereva wa lori, karani na wakala wa meli wote hula riziki inayoanzia katika vidole vya mchumaji. Ya tatu ni kubwa zaidi. Mashamba makubwa yaliyokuwa ya Waingereza yameanza kupita katika mikono ya Waseilani. Mwaka 2023 kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilipatana kununua mashamba ya James Finlay ya Kericho. Mwezi wa Mei 2024 ikatangazwa kuwa kampuni hiyohiyo imepatana kununua mashamba ya Lipton yaliyoko Kenya, Rwanda na Tanzania, ambayo kwa Kericho zamani yalikuwa ya Brooke Bond, kisha ya Unilever. Tajiri mwenye wachumaji katika nchi mbili hana budi kuwalinganisha. Yafaa basi nasi tujue kulinganisha, na tujue kwa haki.

ASILI YA KAZI HII

Chai ya biashara ilianza kupandwa Seilani mwaka 1867, katika shamba la Loolecondera karibu na Kandy, na Mskoti aitwaye James Taylor. Wakati huo kisiwa kilitegemea kahawa. Toka mwaka 1869 ugonjwa wa majani uliishambulia kahawa hata ukaiangamiza, na wenye mashamba wakageukia chai. Watu wa kuchuma walitolewa Uhindi ya Kusini, Watamili, wakakaa katika safu za vijumba ndani ya mashamba. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia ya mwaka huohuo iliwaacha wengi wao bila uraia wowote, na jambo hilo halikumalizwa kisheria mpaka mwaka 2003.

Kwa Kenya, miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kericho ilikuja baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Kiingereza iliwapa ardhi ya Wakipsigis maofisa walioumia vitani, ili walime kitani. Kitani kikaanguka bei, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Wachumaji walitoka kwa Wakipsigis wenyewe, na kwa Wakisii, Waluo na Waluhya.

Tumeyataja haya kwa kuwa ujira hauzuki siku moja. Kila kima cha leo kina historia ya watu waliokuwa na nguvu na waliokuwa hawana. Neno letu la pwani, kibarua, lilitokana na barua, yaani kile kijikaratasi alichopewa mtu kuonyesha siku aliyofanya kazi. Karatasi ile ilihesabu siku, lakini haikusema siku ni ya muda gani, wala kazi yake ni kiasi gani. Haya mawili ndiyo tutakayoyatafuta hapa chini.

MIZANI YA KWANZA: FEDHA, NA KILE INACHONUNUA

Tuanze na hesabu ambayo kila mtu huianza. Seilani, bodi ya mishahara iliweka ujira wa siku kuwa rupia 1,000 mwaka 2021, na mwaka 2024 ukapandishwa kuwa rupia 1,350. Kenya, amri ya mishahara ya kilimo ya mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha mfanya kazi asiye na ufundi kuwa shilingi 7,997.33 kwa mwezi. Tukigawanya kwa siku 26 za kazi, twapata kama shilingi 307 kwa siku. Mwishoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 129 na kama rupia 292, kwa hiyo rupia 1,350 zilikuwa karibu shilingi 600. Mwenye haraka atasema: mchumaji wa Seilani apata maradufu ya mchumaji wa Kericho. Atafunga daftari lake aende zake.

Lakini hesabu hii ina kasoro mbili. Ya kwanza, vitu vilivyolinganishwa si vya jinsi moja. Rupia 1,350 zilikuwa ujira wa mwaka 2024 uliolipwa hasa katika mashamba ya chai. Shilingi 7,997.33 zilikuwa kima cha chini cha sheria ya mwaka 2024 kwa kilimo chote, cha chai, cha mahindi na cha ng'ombe, ambacho mwajiri hakuruhusiwa kushuka chini yake. Mashamba makubwa ya Kericho hulipa kwa mapatano baina ya chama cha wafanya kazi wa mashamba na chama cha wenye mashamba, na mapatano hayo hupita kima cha sheria. Anayechumia mkulima mdogo wa Bomet kwa kibarua cha siku hana mapatano hayo. Basi hata ndani ya Kenya hapana "mshahara wa mchumaji" mmoja. Iko mishahara kadhaa.

Kasoro ya pili ni dola yenyewe. Tazama Seilani. Mwaka 2021 rupia 1,000 zilikuwa kama dola 5. Mwaka 2022 nchi ilipofilisika, dola ikafika kama rupia 360, na rupia 1,000 zilezile zikawa pungufu ya dola 3. Mchumaji hakupunguziwa rupia hata moja, naye alichuma majani yaleyale. Lakini katika vitabu vya Colombo na London amekuwa rahisi zaidi. Nyumbani kwake mambo yalikuwa kinyume: bei za vitu zilipanda kwa karibu asilimia 70 katika mwaka mmoja, na kwake yeye kila kitu kimekuwa ghali. Kenya nayo ilipata yake. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, kisha katika mwaka huohuo ikarudi kama 129. Kwa hesabu ya dola mchumaji wa Kericho alitajirika kwa zaidi ya humusi, hali mfuko wake haujui.

Basi kipimo bora cha fedha ni kuuliza yanunua nini. Mwezi wa Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita shilingi 200 nchini Kenya, hata Serikali ikaingiza ruzuku ili iuzwe 100. Kima cha chini cha kilimo wakati huo, kwa siku, kilikuwa kama shilingi 290. Maana yake ni kuwa aliyelipwa kima hicho, kabla ya ruzuku, alifanya kazi kutwa akapata pakiti moja ya unga na salio lisilofika hata nusu ya pakiti ya pili. Hesabu hii haihitaji dola, na mama yeyote wa nyumbani aweza kuihakiki.

MIZANI YA PILI: SAA

Mshahara bila ya saa ni nusu ya habari. Amri ya kilimo ya Kenya yaweka muda wa saa 46 kwa juma, zigawanywe katika siku sita. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya mapumziko katika kila saba, na siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka. Seilani, siku ya kazi katika mashamba ya chai ni ya muda wa saa nane, mbali na saa ya kula.

Tuonyeshe nguvu ya mizani hii kwa mfano wa ndani ya Kenya yenyewe, kwani utawafaa wasomaji wa Mombasa. Amri ya mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha mtu wa kazi za kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Kwa mwezi, mtu huyu wa mjini apata maradufu ya mtu wa shamba. Lakini juma la mjini ni la saa 52, na la shamba ni la saa 46. Tukigawanya, mtu wa mjini apata kama shilingi 71 na nusu kwa saa, na wa shamba kama shilingi 40. Tofauti ingali kubwa, lakini si maradufu tena. Mtu aliyelinganisha miezi, na mtu aliyelinganisha saa, wamefika mahali mbalimbali, na wote wawili wametumia sheria moja ya nchi moja. Seje mwenye kulinganisha nchi mbili?

Tena saa za sheria na saa za shambani si lazima ziwe sawa. Wachumaji waliofanya kazi Kericho walifungua kesi Scotland juu ya kampuni ya James Finlay Kenya, wakidai kuwa migongo yao iliharibika kwa kubeba makapu mazito, na kuwa walifanya kazi mpaka muda wa saa 12 kwa siku. Kampuni ilipinga. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya huko Edinburgh iliisimamisha kesi, ikaona kuwa njia ya fidia kwa sheria ya Kenya ifuatwe kwanza. Hatusemi nani mkweli baina yao. Twasema kuwa ugomvi huu ulikuwa juu ya saa na uzito, nayo ni mambo mawili yasiyoonekana katika karatasi ya mshahara.

MIZANI YA TATU: KILO

Hapa ndipo penye shina la jambo. Seilani, mchumaji huhesabiwa siku, lakini siku haitimii mpaka afikishe kiasi kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni baina ya kilo 18 na 20. Kericho, desturi kubwa ni kulipa kwa kilo: achumaye nyingi hupata nyingi, achumaye chache hupata chache.

Wenye mashamba wa Seilani wana hoja yao mashuhuri: mchumaji wa Kenya huchuma zaidi ya maradufu ya wao, kwa hiyo mchumaji wa Seilani hastahili kuongezwa. Yafaa tuipime hoja hii. Kilo zinatoka wapi? Sehemu ni bidii ya mkono. Lakini sehemu kubwa ni ya mambo ambayo mkono hauna amri nayo. Michai mingi ya Seilani imezeeka, ilipandwa kwa mbegu zamani sana, katika miteremko mikali ambako mtu hupanda na kushuka na mzigo kichwani au mgongoni. Mashamba ya Kericho yako katika vilima vya pole, na mengi yamepandwa miche teule yenye kuzaa sana. Tena chai ya Kenya husagwa vipande vidogo kwa mashine, na chai nyingi ya Seilani husokotwa majani, nayo hutaka uchumaji wa makini zaidi. Kumwambia mama wa Kandy kuwa ni mvivu kwa sababu dada yake wa Kericho ana kilo nyingi, ni kama kumwambia mvuvi wa ngalawa kuwa ni mvivu kwa sababu mwenye mashua ya injini amerudi na samaki wengi.

Liko na jambo la pili katika mizani hii: hatari ya mbingu iko juu ya shingo ya nani? Kericho ni nchi iliyo mashuhuri kwa mvua ya mawe. Wingu moja laweza kuchana majani ya shamba zima kwa dakika chache. Tena katika miezi ya kiangazi, Januari mpaka Machi, majani huwa machache. Tufanye mfano wa kuwaza tu. Mchumaji alipwaye kwa kilo huchuma kilo 50 wakati wa mvua na kilo 20 wakati wa kiangazi. Mikono ni ileile, na saa ni zilezile, bali ujira umeshuka kwa zaidi ya nusu. Lau angalilipwa kwa siku, hasara ile ingalimwangukia mwenye shamba, ambaye ndiye mwenye ardhi, mwenye bima na mwenye akiba benki. Lakini alipwaye kwa siku yenye kiwango naye hayuko salama, kwani akikosa kufikisha kiwango huandikiwa nusu ya siku. Baada ya ujira wa Seilani kufanywa rupia 1,000, wachumaji walilalamika kuwa kampuni zimepandisha idadi ya kilo za siku. Fedha iliongezwa kwa mkono wa kulia na kazi ikaongezwa kwa mkono wa kushoto.

Wanavyuoni wetu waliliangalia jambo hili zamani. Katika mlango wa ijara, madhehebu ya Shafii yataka ujira ujulikane na kazi ijulikane. Kazi hujulikana kwa njia moja katika mbili: ama kwa muda, ama kwa kiasi cha amali. Ama kumfungia mtu yote mawili pamoja, kwa mfano kumwajiri fundi ashone nguo fulani na aimalize katika siku hiyohiyo, kauli iliyo sahihi zaidi, kama ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ni kuwa mkataba huo haukusihi. Sababu yake yafahamika: amali yaweza kupita ule muda, au ikaisha kabla yake, na hapo hapatajulikana mfanya kazi adaiwa nini. Hatutoi fatwa hapa juu ya mashamba ya chai. Twaonyesha tu kuwa swali la siku na kilo, wanalogombania vyama na wenye mashamba, lilikuwa limekwisha kuonwa na watu walioandika kwa kalamu ya unyasi.

Na mahali penye kilo pana mizani. Mchumaji hupeleka kapu lake kupimwa, na hukatwa uzito wa kapu au gunia, na pengine wa maji ya umande. Kukata kwa haki ni haki. Kukata kwa kukisia ni kitu kingine, na sura ya 83 ya Qurani imepewa jina la watu wa namna hiyo.

MIZANI YA NNE: YALIYO NJE YA FEDHA

Seilani, mwajiri hutia asilimia 12 ya mshahara katika mfuko wa akiba ya uzeeni na asilimia 3 katika mfuko mwingine wa amana, na mfanya kazi hutia 8. Kenya, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2023, mwajiri hutia asilimia 6 na mfanya kazi 6. Mfanya kazi wa Kenya hukatwa pia asilimia 1.5 ya nyumba na, toka Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya afya. Basi aliyepata shilingi 100 haendi nyumbani na shilingi 100, na aliyetiliwa 15 juu ya mshahara wake ana kitu ambacho hakionekani mfukoni leo.

Katika mashamba makubwa ya nchi zote mbili mchumaji hupewa nyumba, na aghlabu pako zahanati na shule. Haya ni malipo, nayo yahesabiwe. Lakini nyumba ya kampuni ni malipo ya ajabu: siku kazi inapokwisha, na nyumba imekwisha. Mwenye kuipokea hawezi kugomba na mnyapara wake kama awezavyo mtu mwenye kwake.

Hapo twafika kwenye jambo la mwisho la mizani hii, nalo ni usalama wa kazi. Mtu wa kudumu na mtu wa msimu waweza kulipwa sawasawa kwa kilo, na bado wasiwe sawa hata kidogo. Mwaka 2023 shirika la BBC lilieleza habari za wanawake zaidi ya 70 waliosema kuwa wasimamizi wa mashamba ya chai ya Kenya waliwadhalilisha, na habari nyingi zilihusu watu wenye madaraka ya kutoa na kunyima kazi. Mahali ambapo kazi ni haba na kibali cha kazi kimo mkononi mwa mtu mmoja, hatari ya aibu ni sehemu ya bei ya kazi ile, ingawa haiandikwi.

NI NANI ANAYELINGANISHA?

Mwenye mizani nne hizi atagundua jambo. Seilani, wenye mashamba husema: tazameni kilo za Kenya. Kenya, wenye mashamba husema: kazi ya mkono ni ghali hapa, hatuna budi kuleta mashine. Mchumaji wa kila nchi huonyeshwa mwenziwe kama fimbo ya kumpigia, naye hajapata kuonana naye.

Na Kericho fimbo hiyo ina chuma. Mashine za kuchuma chai zilileta mgomo mwaka 2010. Mwaka 2016 mahakama ya kazi iliwapa wachumaji nyongeza ya asilimia 30, kampuni zikakata rufaa, na mwezi wa Oktoba 2017 mashamba ya Kericho, Bomet na Nandi yakagoma. Mwezi wa Mei 2023 watu wenye hasira walichoma mashine shambani Kericho, na mtu mmoja akafa. Kamati iliyoundwa na serikali ya jimbo la Kericho ilikuwa imeona kuwa kazi kama 30,000 zimepotea kwa mashine katika muda wa miaka kumi. Kuchoma mali ya mtu hatukusifu. Lakini mtu aliyeondolewa kazini, ukimwambia kuwa mishahara ya wachumaji imepanda, umemwambia nini? Mshahara wa asiye na kazi ni sifuri, na sifuri haiongezeki kwa asilimia 30.

Kwa hiyo jawabu la swali letu la kwanza ni hili. Kwa siku ya fedha taslimu, kima cha Seilani chapita kima cha chini cha sheria ya Kenya. Kwa kilo, mchumaji mwepesi wa Kericho, katika shamba lenye mapatano na katika miezi ya mvua, aweza kumpita mwenziwe wa Seilani. Na katika kiangazi au baada ya mvua ya mawe akawa chini yake. Kwa akiba ya uzeeni Seilani imetangulia. Hapana neno moja "zaidi" liwezalo kuyakusanya yote haya, na anayelitumia bila kueleza, ama hajui, ama ana haja yake.

SISI NA MIZANI HIZI

Ndugu zetu, somo lisilorudi nyumbani ni somo la kupita njia. Tuyachukue haya mpaka milangoni petu.

Mji wa Mombasa waijua njaa ya mshahara. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa bandari, wa reli na wa mjini kwa maelfu waliacha kazi, kwa sababu ujira haukutosha chakula na kodi ya chumba. Wajukuu wao leo wengi ni waajiri wadogo: ana duka na kijana wa duka, ana nyumba na yaya, ana bustani na mtunza bustani. Kile kima cha shilingi 16,113.75 cha mwaka 2024 tulichokitaja hakikuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Katika orodha yake ametajwa yaya wa watoto, ametajwa mtumishi wa nyumba, ametajwa mlinzi wa mchana. Na juma la saa 52, tukiligawa kwa siku sita, ni pungufu ya muda wa saa tisa kwa siku. Yaya anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha jiko, akalala baada ya kuosha vyombo vya usiku, ana saa ngapi? Na sahani ya wali tunayompa, na kipembe cha kulala, twavihesabu kuwa malipo mara moja, au twavitaja kila anapoomba nyongeza? Mtume wetu alihimiza ujira ulipwe bila ya kucheleweshwa, na kucheleweshwa huko hakuanzii Kericho.

Kadhalika wako mabinti na vijana wetu wanaoahidiwa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wakala hutaja riyali, akazigeuza shilingi, na familia hufurahi. Hii ndiyo mizani ya kwanza peke yake, tena nusu yake. Familia na iulize zile nyingine: kazi ni ya saa ngapi, na siku ya mapumziko ni ipi? Kazi yenyewe ni ya nyumba moja au ya nyumba tatu za ndugu? Nani atalipa tiba na nauli ya kurudi, na pasipoti itakaa kwa nani? Mkataba usiojibu haya, ujira wake haujajulikana, hata ukiandikwa tarakimu kubwa namna gani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mtu alipwaye kwa siku na mtu alipwaye kwa kilo, ni yupi abebaye hasara ya kiangazi? Toeni mfano wa kazi za pwani zenye hali hiyo, kama uvuvi, uchukuzi na ushonaji.

2. Kwa nini kima cha dola chaweza kupanda na chakula cha mfanya kazi kikapungua?

3. Kila mmoja na ahesabu saa za kazi za mtu mmoja anayemwajiri au anayemfahamu, kwa juma moja, azigawe katika ujira wake, alete jawabu bila ya kutaja jina la mtu.

4. Nyumba inayotolewa na mwajiri ni neema au ni kifungo? Tazameni pande zote mbili.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wapimao sawasawa wanapopokea na wanapotoa. Wabillahi taufiq.